Milimita Kumi na Tatu

Chumba cha nyuma ya karakana,
S.L.P. 318.
Jumatano, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Kabla ya yote nataka kujua kifua chako kinaendeleaje. Katika barua iliyopita ulisema vumbi la hapo kambini mgodini linakukohoza asubuhi, na tangu siku ile Bibi akisikia mpita njia yeyote anakohoa hutaja jina lako. Je, goti limeacha kuvimba? Unapata maziwa? Hili la maziwa ni swali la Bibi, nimeagizwa niliandike kama lilivyo.

Sisi huku tu wazima. Mama ni mzima, ila mikono inamwasha kwa sababu ya faiba anayotengenezea bodi za magari. Bibi ni mzima, miguu tu inamsumbua baridi ikizidi. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma.

Nianze na shule, maana najua utauliza. Nimeshika nafasi ya tatu. Mwalimu wa fizikia alitaka nisimame mbele ya shule nzima nieleze jaribio langu la springi, nikamwambia koo linaniuma. Halikuwa linaniuma. Unanijua.

Sasa gari. Uliliacha likiwa mifupa mitupu: chasisi yako ya mabomba, injini ya lile gari dogo lililogongwa nyuma, na viti viwili. Siku hizi limevaa. Mama ametoa bodi nzima kwenye ile kalibu waliyomwachia kazini timu ya mashindano ilipovunjika. Pua ni ndefu na imelala chini, madigadi yamevimba, mgongo unateremka taratibu hadi kwenye bawa la nyuma. Hata likiwa limesimama unaona kama linataka kuondoka. Bibi analiita Kandambili. Anasema ni bapa, na halimfuniki mtu.

Labda wewe unajua kwa nini Mama analitaka hivi. Mimi sikujua mpaka nilipomsikia akimweleza Shoti. Shoti ni fundi umeme aliyepanga kibanda chetu cha mbele baada ya wewe kuondoka. Jina lake halisi limeshasahaulika, naye ameridhika na hilo. Mama alimwambia, "Nimetengeneza bodi kumi na saba za magari ya mbio. Zote nimezifungulia geti, zikaenda, wakakaa watu wengine ndani. Hii nataka nikae mimi. Barabarani, na namba mbele na nyuma."

"Na askari wa barabarani nyuma ya namba," Shoti akasema.

Mama hakucheka, ndipo nikaelewa kwamba jambo hili si mchezo kwake.

Mwezi uliopita tulilipeleka kwenye ukaguzi likaanguka. Halikuwa na waipa, ncha za bawa zilikuwa kali, na taa za mbele hazikuwepo kabisa. Magari ya uwanjani, yale ya mbio, hayana taa, Mjomba, yanabandikwa karatasi iliyochorwa taa, na Mama alikuwa amezibandika kwa mazoea. Mkaguzi alizigonga kwa kalamu yake akauliza kama usiku tutazipaka chokaa. Kisha akatuambia utaratibu: gari lililotengenezwa nyumbani linaruhusiwa kurudi mara moja tu. Likianguka tena, linaandikwa gari la uwanjani, na halitapewa namba ya barabarani maisha yake yote.

Kazi ya kupima mahali pa taa nilipewa mimi, kwa kuwa ndiye niliyekisoma kitabu cha kanuni, kurasa mia moja na arobaini, mara mbili. Ndiyo maana Shoti ananiita Kanuni. Kitabu kinasema ukingo wa chini wa taa usipungue sentimita hamsini kutoka ardhini. Nikangoja Jumamosi moja Mama alipompeleka Bibi zahanati na Shoti alikuwa hajafika. Nikapima peke yangu, kwa utulivu, nikaweka alama kwenye hamsini na moja na nukta mbili. Mama akakata pua, akajenga vikombe vya taa, akapiga puti, akapiga msasa wa maji, akapaka rangi ya buluu. Wiki tatu nzima.

Leo mchana nilikuwa maktaba ya shule. Nilikifungua tena kitabu kile bila sababu, kama watu wengine wanavyofungua friji. Chini ya jedwali la taa kuna maandishi madogo ambayo mara zote mbili niliyaruka. Yanasema vipimo vichukuliwe dereva akiwa kwenye kiti na tangi likiwa limejaa.

Mjomba, siku ile niliyopima hapakuwa na mtu kwenye kiti. Na tangi lilikuwa kavu. Na tangi hilo ulilifunga wewe mwenyewe mbele, juu ya magurudumu ya mbele kabisa.

Nimepiga hesabu ya springi mara nne. Kila mara taa zinashuka chini ya hamsini. Springi zako hazina uzi wa skrubu wa kuliinua gari. Niliporudi nyumbani nilijaza upepo matairi ya mbele mpaka yakawa magumu kama mawe, nikapata milimita nne, halafu nikaona aibu nikautoa. Nimewaza pia nimshawishi Mama aende na mafuta kidogo. Lakini mkaguzi naye anacho kitabu.

Ukaguzi ni keshokutwa, Ijumaa. Ninapoandika haya ninamwona Mama dirishani, anaifuta pua ya gari kwa kitambaa cha flana, akirudi nyuma hatua mbili, akiitazama, akiifuta tena pale pale. Najua barua hii itakufikia mambo yakiwa yamekwisha, na huwezi kunisaidia. Naandika kwa sababu nikiacha nitasimama, nikisimama nitazunguka meza, na Bibi ameshaniuliza mara mbili kama nina minyoo.

Alhamisi, jioni.

Mjomba, nimesema. Au tuseme nimesema nusu, na futi ya chuma ikamalizia.

Sikulala vizuri. Asubuhi sikwenda shule, nikamkuta Mama anakunywa chai kwenye benchi la karakana na Bibi na Shoti. Nilikuwa nimepanga hotuba. Ilipofika zamu ya kuitoa, nilichoweza kusema ni, "Mama, naomba ukae kwenye gari."

"Kuna nini?"

"Kaa tu, Mama. Na Shoti ajaze tangi."

Alidhani nataka kumpiga picha, maana alinawa uso kwanza. Akaingia, na kuingia kule si kazi ndogo, lazima utangulize mguu mmoja ukunje shingo. Mimi nikapiga magoti mbele ya pua nikavuta futi. Nilipoinua macho alikuwa ananitazama juu ya boneti.

"Ngapi?"

"Arobaini na nane na nukta saba."

"Inatakiwa?"

"Hamsini."

Shoti alikuwa na kikombe mdomoni na hakukishusha. Mama aliuliza polepole, "Siku ile ulipopima, alikuwa amekaa nani?"

"Hakuna mtu."

"Na kwa nini hukuniita nikae?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kitaalamu. Nikamwambia la kweli. "Sipendi kutazamwa nikifanya kazi, Mama. Nilingoja mwondoke."

Akatoka kwenye gari, akapitisha kiganja juu ya pua kutoka taa ya kushoto hadi ya kulia, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Nilingoja anigombeze. Nilitamani anigombeze.

"Milimita kumi na tatu," alisema. "Shoti, leta grenda. Na wewe, leta penseli."

"Dada, si tuweke tu matairi makubwa?" Shoti akasema. "Dukani kwa jirani—"

"Madigadi yatayala kwenye kona ya kwanza. Leta grenda."

Akanigeukia mimi. "Chora pa kukata."

Nikamwambia mkono unatetemeka. Akasema, "Chora ukitetemeka."

Tatizo likaja hapo. Ili nichore, lazima mtu akae kwenye kiti, na Mama ndiye wa kukata. Shoti ni mzito mno, angeizamisha pua. Akabaki Bibi. Bibi ni mwepesi kuliko Mama kwa kilo kumi na nne, kwa hiyo tukampakatisha betri ya gari iliyofungwa kwenye gunia. Mama yako, Mjomba, alikaa ndani ya gari la mbio kuanzia asubuhi mpaka mchana, betri mapajani, akitoa amri.

"Mjukuu wangu, mstari huo umepinda."

"Haujapinda, Bibi, ni pua ndiyo imepinda."

"Basi jipinde na wewe mfanane. Shoti, acha kunitazama, hujawahi kuona dereva?"

Majirani walikuja kuangalia. Walikuwa wengi, wengine wamekaa juu ya ukuta. Masikio yangu yaliwaka moto lakini nilichora, nikapima, nikafuta, nikapima tena. Kisha Mama akawasha grenda, na ile buluu ya wiki tatu ikaruka hewani kama unga. Mimi nilitazama pembeni. Yeye hakutazama pembeni.

Vikombe vya taa vimepandishwa sentimita mbili. Faiba mpya imewekwa na inakauka chini ya balbu mbili za Shoti. Puti itapigwa alfajiri. Rangi haitawahi. Mama amekuja sasa hivi kuuliza kama kuna maandishi mengine madogo. Nimemwambia ninakisoma upya kitabu chote, kile nilichokiazima jana maktaba, na ni kweli, nimefika ukurasa wa themanini na nane.

Jumamosi, asubuhi.

Shikamoo tena, Mjomba.

Jana tuliondoka mapema, gari juu ya tela, pikapu ya Shoti ikivuta. Pua ilikuwa ya kijivu cha puti, na gari lote lililobaki buluu. Shoti alisema linafanana na mtu aliyeamka akaenda kazini bila kunawa. Mama alikuwa anatafuna ukucha, na mimi nilihesabu nguzo za umeme nikakosea, nikaanza upya.

Mkaguzi ni yule yule. Alianza na bawa, akapitisha kidole kwenye ncha, akaandika. Akamwagia kioo maji, akawasha waipa, akaandika. Kisha akasema, "Jazeni tangi. Dereva akae." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaagiza chai.

Alipima taa ya kushoto, akapima ya kulia, akarudi kwenye ya kushoto. "Hamsini na nukta saba," alisema. Hesabu yangu ilikuwa inasema hivyo hivyo. Sikufurahi, kwa sababu alikuwa bado hajaweka muhuri. Alikuwa amesimama anaitazama pua.

"Fomu yenu inasema gari ni la buluu. Mimi naona rangi mbili. Hili nitaliandikaje?"

Mama alishika usukani kwa mikono yote miwili. Nyuma yetu kulikuwa na foleni ya madereva wa malori, wote wametoka nje, wote wanatazama. Nikasikia sauti inasema, "Kanuni inasema rangi ya gari ni ile inayofunika sehemu kubwa ya bodi." Ilikuwa sauti nyembamba kama ya mwanambuzi. Ilikuwa yangu.

Mkaguzi akageuka. "Ukurasa?"

"Mia moja na tano. Aya ya pili."

Akakifungua kitabu chake pale pale, akalamba kidole, akafika, akasoma, midomo ikitembea. Dereva mmoja wa lori akasema, "Mzee, mpe mtoto muhuri wake, tuna safari." Mkaguzi akaweka muhuri, akampa Mama namba mbili, na Shoti akazifunga hapo hapo kwa bisibisi aliyokuwa ameishika mkononi tangu asubuhi.

Nilidhani Mama atatoka anikumbatie, au atalia, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Aliwasha injini, akasema, "Tutaonana nyumbani," akatoka getini. Hakuweka hata indiketa.

Mimi na Shoti tulirudi na tela tupu. Sikujua kwamba tela tupu lina kelele kuliko lenye mzigo. Liliruka kwenye kila shimo njia nzima, na Shoti akaendesha bila kusema mzaha hata mmoja, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Tulipofika, Mama hakuwepo. Bibi aliuliza liko wapi gari, tukamwambia linakuja. Saa moja ikapita, kisha ya pili. Nilisimama getini, nikaingia ndani, nikatoka. Simu yake ilikuwa juu ya meza ya karakana, kando ya kikombe. Nilianza kuwaza bolti zote ninazozijua kwenye gari lile, moja moja, na nani alizikaza.

Alirudi jua likiwa limepungua. Nywele zilikuwa zimesimama na macho mekundu kwa upepo. Aliuliza kama kuna chai. Bibi akammiminia. Hakuna aliyemuuliza alikokwenda.

Lakini mimi nilikwenda kutazama geji ya kilomita. Asubuhi ilikuwa inasoma sifuri, kwa kuwa gari lile siku zote limekuwa likibebwa. Kutoka kituo cha ukaguzi hadi nyumbani ni kilomita tisa. Ilikuwa inasoma themanini na nne.

Bibi anakusalimu sana na anasema ukija atakuonyesha jinsi ya kukaa kwenye gari la mbio. Shoti anakusalimu ingawa hamjuani, na anauliza nani alikufundisha kuweka tangi mbele. Nisalimie wenzako wote wa kambini, na yule mpishi mwambie Bibi anamshukuru kwa maziwa, kama anakupa. Mungu akutunze kifua na goti, na akufungulie njia ya kurudi. Mama alisema ataandika salamu zake mwenyewe hapa chini. Nimemwachia nafasi, lakini hayupo, na gari pia halipo.

Ni mimi ninayekupenda na kukungoja,
mpwa wako,
Kanuni.