Nafasi Kati ya Sufuri

Bonn, 3 Novemba 2024

Tata, shikamoo. Hamjambo hapo Kisaka? Macho yako yanaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku ina fitina.

Niliapa sirudi nyumbani mpaka niwe daktari wa hesabu. Basi Krismasi hii siji tena. Unajua nachunguza fanksheni inayoitwa zeta, kanuni ya namba yenye sufuri zisizoisha, yaani mahali ambapo jibu lake ni sufuri. Zile trilioni za kwanza zimesimama kwenye mstari mmoja. Hakuna aliyethibitisha kwamba zote ziko hivyo. Mimi natafuta nafasi iliyopo kati ya sufuri na jirani yake. Nilidhani nimemaliza, kumbe kundi moja nimelihesabu mara mbili! Mwalimu wangu ndiye aliyeliona kosa. Miaka minne, Tata. Nimelia sana.

Mwanao, Rhobi

Kisaka, 1 Desemba 2024

Rhobi mwanangu, marahaba. Sisi wazima. Macho ni ukungu tu. Daktari wa Mugumu anasema ni presha ya macho, na nuru iliyobaki haitamaliza mwaka ujao.

Hesabu, hesabu! Umesahau kwetu hatuhesabu ng'ombe wala watoto? Jioni nasimama mlangoni pa zizi, naangalia nani anamfuata nani. Akikosekana mmoja, yule wa nyuma yake anasitasita, na mimi nimeshajua. Usiulize wako wangapi. Uliza nani yuko karibu na nani.

Njoo nikuone. Udaktari sijakudai.

Baba yako, Mniko

Bonn, 20 Februari 2025

Tata, shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Barua yako ilinichekesha, halafu nikafuta kurasa thelathini. Sasa nazichukua sufuri mbili mbili, jirani na jirani. Kosa limetoka! Mwalimu kaniuliza mbinu hii nimeitoa wapi, nikamwambia zizini kwetu.

Imebaki sura moja tu. Nivumilie mpaka Agosti, nije nayo mkononi.

Mwanao mkaidi, Rhobi

Kisaka, 2 Aprili 2025

Rhobi, marahaba. Anayeandika ni mdogo wako Marwa, mimi karatasi siioni tena. Uso wa mtu bado nauona, akisogea karibu mchana kweupe.

Jana mezani niliwapapasa wanangu vichwa, mkubwa kwanza, kama mlivyofuatana. Nilipotoka kwa dada yako Irine kwenda kwa Marwa, mkono ulisimama hewani. Sikuhesabu, mwanangu.

Agosti ni mbali.

Tata

Ujumbe kwenye simu ya Marwa, 19 Aprili 2025

Marwa, msomee Tata. Shikamoo Tata. Ile sura haijaisha, nimeiacha hukohuko Bonn. Nimeshuka stendi ya Mugumu sasa hivi, natafuta bodaboda. Marwa, mtoe Tata nje, akae penye mwanga.

Rhobi