Hati ya Shimo la Mama Hidaya

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Donatus kapata mwamba wa dhahabu! Amekuja mbio hadi kwenye darasa langu la Kurani, vumbi mpaka kwenye kope, watoto wakaacha kusoma. Miezi tisa anachimba mawe matupu, leo jiwe limetoka na mstari wa njano unaoonekana hata bila miwani. Shikamoo Mwalimu, mkono wako una baraka, ananiambia. Maana hati ya kukodi shimo lile niliiandika mimi. Marahaba, nikamjibu, mkono huu unajulikana Geita nzima!

Najisifu? Daftari ni langu, acha nijisifu. Hati ile ni safi. Mwenye kukodisha ni Mama Hidaya, mjane, kwa niaba yake na watoto wake wawili. Marehemu mumewe alimuusia yeye mali ya watoto mbele yangu. Mwenye kukodi ni Donatus wa Ushirombo, Mkatoliki — kufanya naye biashara ni halali, hakuna ubishi. Kodi inajulikana, tena kwa shilingi, si kwa dhahabu, riba isipate pa kupenya. Muda unajulikana. Mipaka inajulikana, nguzo nne. Nani mwingine mji huu angekumbuka yote hayo?

Jumatano, 5 Agosti

Nimempeleka mshenga kwa Mama Hidaya. Basi, nimeliandika. Miaka sita tangu mke wangu afariki, inatosha.

Mshenga amerudi anacheka. Hajakataa! Atajibu baada ya Idi ya kuchinja. Mwanamke yule ana maneno. Siku ya hati, Donatus ameshika kidau cha wino, yeye akauliza: sasa Mwalimu, mwaka ukiisha nitarudishiwa nini, shimo kubwa zaidi? Tulicheka sote. Nadhani nilimpenda pale pale.

Ijumaa, 7 Agosti

Baada ya sala Ngassa kanisimamisha mlangoni pa msikiti, watu wote wanasikia. Huyu ni ndugu wa marehemu mume wa Mama Hidaya. Karudi jana kutoka Shinyanga, na huko kaambiwa kukodisha mgodi ni batili katika sheria yetu. Eti hati ichanwe, Donatus atoke, shimo lirudi kwa yatima na yeye baba mdogo alisimamie. Mwamba umeonekana Jumatatu, Ijumaa ameshakuwa mwanachuoni!

Ngassa! Anasoma Fatiha kama mtu anayenadi karanga. Nikamwambia hati yangu ipelekwe kokote, itasimama. Watu wakanikubalia kwa vichwa. Nimekula wali wangu vizuri kabisa.

Jumapili, 9 Agosti

Mnadani na jirani yangu Bujiku. Ana ng'ombe wake mmoja amemweka kwa rafiki yake kule Kishapu, yule rafiki anamchunga na kunywa maziwa. Desturi yao Wasukuma. Nikamtania: kumbe umemkodisha ng'ombe, Bujiku, kodi unakula na nani?

Akanikasirikia kweli. "Yaya, hapana, Mwalimu! Maziwa hayakodishwi. Mimi nimempa anywe. Ng'ombe wangu, ndama wangu, hata ngozi akifa ni yangu. Nikisema basi, ni basi."

Nikacheka. Kisha njiani kicheko kikakatika. Maziwa hayakodishwi. Nimeshayasoma wapi maneno haya?

Jumatatu, 10 Agosti

Nimeyasoma Ujiji, kwa sheikh wangu, miaka ishirini iliyopita. Watoto nimewapa ruhusa mapema. Nimefungua kitabu, mlango wa ijara, yaani ukodishaji, na yamo!

Kinachokodishwa ni manufaa, kitu chenyewe kinabaki. Nyumba unalala, kisha unairudisha. Punda unampanda, kisha unamrudisha. Lakini mti haukodishwi kwa ajili ya kula matunda, wala ng'ombe kwa ajili ya maziwa, kwa sababu hapo unachukua kitu chenyewe. Na dhahabu je? Donatus akiitoa, atarudisha nini?

Nikaitoa nakala ya hati kwenye sanduku. Yaa Rabi! Nakumbuka sasa. Wiki ile nilikuwa nimeandika hati ya duka la Cornel fundi cherehani, nikaipenda, nikainakili neno kwa neno. Palipoandikwa duka nikatia shimo. Na kipengele cha tano kimo vilevile, kwa mwandiko wangu mzuri: mwenye kukodi atarudisha mali katika hali aliyoipokea. Shimo! Wanachuoni wengine pengine wana kauli nyepesi. Lakini miaka yote nawafundisha watu kauli hii, sihamii nyingine leo kwa sababu nimebanwa.

Hukumu naijua, haina ugumu. Hati batili. Donatus arudishiwe kodi, apewe ujira wa mchimbaji kwa miezi yote tisa. Dhahabu ni ya Mama Hidaya na yatima. Sawa. Na nani anataka kumwoa Mama Hidaya? Mimi.

Jumatano, 12 Agosti

Donatus kaja jioni. Maneno ya Ngassa ameyasikia, hayakumtisha hata kidogo. Ngassa anasema tu, ananiambia, Mwalimu ameandika. Kesho kutwa anakwenda na mkewe Febronia kwao Ushirombo kwa sikukuu ya Bikira Maria, apeleke habari njema. Febronia aliuza mbuzi wote ili wale miezi hii tisa. Ananisimulia huku anacheka.

Sikumwambia. Nimempa kahawa, nimemuuliza habari za mbuzi! Mimi, ninayewakemea watoto kwa kumung'unya herufi. Nimeogopa. Naona aibu.

Alhamisi, 13 Agosti

Leo niko sawa. Mambo mawili nimeyafanya.

Kwanza nimeiondoa posa yangu. Mshenga alinishika paji la uso kuona kama nina homa. Nikamweleza: kesho nitatoa hukumu inayomtajirisha Mama Hidaya, sitaki mtu aone kanzu ya bwana harusi nyuma yake. Akaenda, akarudi na jibu. Mama Hidaya kasema: "Mwambieni nimesikia. Aje aseme." Basi. Roho imeniuma, sitajidanganya.

Pili nimeandika hati mpya. Si ya kukodi. Mama Hidaya anaahidi ujira maalumu kwa kila gunia la mawe yenye dhahabu atakalotoa Donatus. Akitoa, analipwa. Mawe ni ya wenyewe. Halali tupu! Ujira uwe mnono, nitamwomba mama mwenyewe, kwa ajili ya wale mbuzi. Nimeisoma mara nne, sijaona tundu. Hata sheikh wangu angeipitisha.

Ijumaa, 14 Agosti

Naandika barazani kwa Mama Hidaya; Donatus na mkewe nimewaomba wacheleweshe safari. Nimeomba dakika niangalie kitabu. Kilicho mapajani ni daftari hili.

Nimesema. Hati ni batili, na aliyekosea ni mimi. Ngassa alipiga kofi la furaha, hadi nilipotaja kwamba msimamizi ni yule aliyeusiwa, yaani mama mwenyewe. Sasa anatazama paa.

Donatus hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Ameniuliza: "Mwalimu, siku ile Mama aliuliza atarudishiwa nini. Sote tulicheka. Mbona hukumjibu?"

Nikasema: sikujua kuwa ni swali. Nilinakili hati ya duka.

"Ya duka," akasema. Febronia, pembeni yake, kajifunika uso kwa kanga.

Nikasoma hati mpya, polepole. Kutoka nyuma ya pazia Mama Hidaya akataja ujira wa gunia — mara mbili ya ule niliokusudia kumwomba! Ngassa akaguna. Kisha mama akasema: "Safari hii kila mtu aulize kwanza, na Mwalimu ajibu. Hata kama jibu ni sijui."

Donatus ameshachovya dole gumba. Ameliinua juu ya karatasi, wino unataka kudondoka. Ananitazama mimi, si karatasi.

"Na hii, Mwalimu, umeinakili wapi?"

Popote sikunakili. Ni yangu, herufi kwa herufi, nina hakika nayo. Na hata ile ya kwanza nilikuwa na hakika nayo hivi hivi. Hilo nalo inabidi nimwambie, kabla dole halijashuka. Nafunga daftari.