Neti ya Glori na Masale ya Mpakani

Jumatatu, 3 Machi
Nilikuwa namalizia kupika mtori. Basi Glori kaupiga teke, sufuria chini. Halafu kichwa ukutani, pu! pu! Nikaweka mkono katikati, kaning'ata mpaka damu. Mjukuu wangu, miaka saba, ana usonji, hasemi. Nina bandeji kama nimepigana na fisi. Nacheka mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Fundi kaleta neti ya kurukia. Kaifunga kwenye fremu ya chuma kwa mipira ya tairi la trekta. Nesi wa zahanati ndiye aliyesema Glori aruke, mwili wake unatafuta kishindo. Nafasi hamna, migomba tupu. Nikafyeka masale matano, mimea ya mpaka wetu na shemeji. Pametosha.

Alhamisi, 6 Machi
Karuka asubuhi nzima. Kichwa ukutani hakugonga hata mara moja! Kala bakuli mbili. Kacheka. Jirani yangu Mama Deo anatangaza nafuga majini. Yeye anavyomficha mumewe pombe ya mbege, mimi nimesema?

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji Aloisi, mdogo wa marehemu mume wangu, karudi kutoka Chekereni kwenye mpunga wake. Kaona masale yamefyekwa. Kwetu ukikata masale ya mpaka umeiba kihamba, shamba la ukoo, hata mtoto mdogo anajua. Mimi niliwaza kichwa cha Glori tu. Hata hodi hakupiga. Kakatakata neti kwa panga, Glori anapiga mayowe. "Mwizi wa ardhi we!" Nikashika mchi. Nikampiga nao mkononi, mfupa ukalia ka! Kanisukuma kwenye jiwe. Meno yangu mawili hayapo. Nilitaka kumuua. Kweli kabisa.

Jumamosi, 8 Machi
Glori yuko ukutani tangu alfajiri. Paji la uso limepasuka. Namshika, ananipiga makofi. Pengo linapitisha upepo.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda misa. Nimechuma isale, jani moja la masale, nikalifunga fundo, nikampelekea shemeji. Kwetu ukiombwa msamaha kwa isale hukatai. Mkono wake una plasta. Kapokea. Kaingia ndani, katoka na la kwake, limeshafungwa tangu jana, limeanza kunyauka. "Na wewe shika, shemeji."

Jumatano, 12 Machi
Masale tumepanda upya, palepale. Neti mpya iko upande wa shemeji, kang'oa migomba miwili mwenyewe kwa mkono mmoja. Naandika kibarazani. Nasikia mipira tu, nyii, nyii. Ukuta umetulia. Ngoja, shemeji anaita. Eti njoo upesi, Glori kamshika mkono mzima, anamvuta apande naye waruke. Naenda.