Lugha za Kabula

Jumatatu, 2 Juni
Nimechuma pamba tangu asubuhi. Maziwa yamejaa, yanauma. Siku ya nne hii Kabula anaachishwa ziwa. Analala kwa mama mkwe, nyumba ya pili, uani hapo hapo. Nimeambiwa nisimbebe mpaka asahau. Ndivyo walivyofanyiwa wote hapa Dutwa, hata mume wangu. Sawa. Ila namsikia akicheka.

Jumatano, 4 Juni
Amepata neno. "Di." Kwa bibi yake "di" ni uji. Kwa baba yake ni baiskeli, apakiwe. Kwa wifi Minza ni kuku, wakimbie wote wawili kuwafukuza. Kila mtu ana lugha yake na mwanangu, na wanaelewana. Mimi niliyemzaa sina hata moja.
Nina wivu. Basi nimeandika.

Ijumaa, 6 Juni
Minza kaenda naye kisimani, kamfunga mgongoni kwa kanga yangu. Yangu! Karudi ananitania, "Wifi, huyu wangu sasa, wewe katafute mwingine." Mama mkwe kacheka mpaka kashika kiuno. Mimi sikucheka. Natamani Minza arudi kwa mumewe, kule Bukundi.

Jumamosi, 7 Juni
Nimefanya vibaya. Nilimvuta Kabula mgongoni kwa Minza, nikajificha naye nyuma ya rundo la pamba nimnyonyeshe. Nikasahau kabisa ule mwarobaini ninaopakwa kila asubuhi ili alikatae ziwa. Kaonja. Kakunja uso, kanisukuma kifuani. "Di!" Kakimbilia kwa Minza analia.
Yaani kwangu mimi "di" ni uchungu.
Nilimfokea Minza. Hakunijibu kwa hasira. Alisema tu, "Wifi, Bukundi nilikaa miaka mitano hakuna mtoto aliyenililia. Ndiyo maana wamenirudisha."
Sikujua. Sikuwahi kumuuliza.

Jumapili, 8 Juni
Nimemwomba msamaha kabla ya kanisa. Kaniita mama, "Mayu, yameisha." Bado naona aibu.

Alhamisi, 12 Juni
Maziwa yamepungua. Tumekaa na Minza tunachambua pamba, safi huku, chafu kule. Kabula kaja mwenyewe. Kaniwekea konzi ya pamba chafu mapajani, "di." Kaenda, karudi na nyingine, "di." Sijui maana yake. Nimepokea zote.
Kisha kalala, kichwa kwangu, miguu kwa Minza. Jua likatufikia. Hatukusogea.