Ng'ombe Aliyeletwa na Vita

Masama,
9 Juni 1991

Baba mkwe mpendwa,

Shikamoo sana. Ni mimi Kornelia, mke wa Leodegar. Macho yanaendeleaje tangu operesheni, bandeji zimeshafunguliwa? Sisi wazima, ila baridi ya mlima imeshuka hadi mlangoni. Najua Gladys ndiye anayekusomea. Gladys mwanangu, soma polepole, usiruke mstari.

Baba, mjukuu wako Fabian amenona hadi majirani wanauliza tunampa nini. Ngoja nianzie mbali kidogo.

Ulipoondoka, Leodegar alikuwa amenunua hema mbili za kuwakodisha wazungu wapanda mlima. Alisema hilo ndilo shamba lake, atavuna hadi uzeeni. Basi vita ya Kuwait ikaanza, wazungu wakaogopa ndege, safari zikafutwa. Mwongoza wageni mzima akawa anashinda na redio sikioni. Jirani yetu Yakobo kila akipita anamtania kwamba mabomu yanapigwa Kuwait, majeruhi amelala Masama. Nilicheka, lakini chozi lilikuwa karibu, maana maziwa yangu yalikuwa yamepungua na mtoto analia.

Ndipo siku ya gulio, Sanya Juu, nikamwona mzee mmoja wa mitumba ananyeshewa na mzigo wake wote. Nikamwita Leodegar, tukamwonyesha hema moja tuliyokuja nayo kuuza. Mzee aliingia ndani, akakataa kutoka! Akasema pesa hana, ila ana mtamba mwenye mimba. Tukarudi tunaswaga ng'ombe. Yakobo akauliza kama huyo naye atapandishwa mlimani. Tumemwita Kuweti.

Amezaa wiki ya Pasaka, ndama jike, ana doa jeupe usoni. Mtori wa ndizi wa Fabian tunautia maziwa, na mengine yanashuka Moshi kila asubuhi. Vita imekwisha, wazungu wameanza kurudi. Leodegar anasema wakija atapanda nao, wakikimbia tena atakamua.

Sasa Baba, lililonishikisha kalamu ni hili. Ng'ombe anakula. Ulituaga ukisema mtu asiguse mibuni yako. Ile mistari ya chini ya mfongo, mfereji wetu wa maji, iliyoharibiwa na ugonjwa wa chule buni, imeng'olewa, tumepanda majani ya mabingobingo ya kumlisha. Leodegar alikataa katakata kushika jembe, akasema hawezi kung'oa alichopanda baba yake. Niling'oa mimi, mtoto mgongoni. Usimkasirikie yeye. Ya juu sijaigusa, na kwa samadi ya Kuweti majani yake yanang'aa.

Gladys, kuna jani ndani ya bahasha. Mpe Babu mkononi.

Baba, hilo huhitaji macho kulitambua. Ni isale, jani letu la kuombea msamaha, nimelichuma pale mpakani ulipolipanda mwenyewe. Ukilipokea, najua umenisamehe.

Wasalimie wote hapo nyumbani Dar. Fabian akiona fimbo yako ukutani anaita Babu. Na ndama hatujampa jina, Baba. Tumekuachia wewe.

Mkweo,
Kornelia