Sahihi ya Baba kwa Beji ya Lynnet

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Filister Akoth Omolo
Umri: Miaka 46
Kazi: Mwalimu wa Gredi ya Tatu na kiongozi wa Skauti Sungura
Makazi: Mbita, Kaunti ya Homa Bay
Yameandikwa: Tarehe 8/3/2025, saa 10:50 jioni

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nafundisha skauti wadogo wa miaka sita hadi kumi, na shuleni wananiita Mwalimu Sheria. Nilikuwa nalifurahia jina hilo.

Mtoto anayetafutwa ni Lynnet Achieng, miaka minane, mwanafunzi wangu. Mama yake alifariki. Baba yake, Nicanor, ni mvuvi wa omena. Lynnet analelewa na nyanyake.

Mnamo tarehe 7/3/2025, siku ya Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri, nilikagua kadi za watoto waliotaka beji ya daraja la kwanza. Kadi ina kazi kumi. Lynnet alikuwa amezimaliza zote. Ahadi aliisema bila kukwama, fundo alilifunga akiwa amefumba macho, na mche wake wa mwarobaini ulikuwa umetoa majani mapya. Kazi ya kumi ni kuchota maji ya nyumbani wiki mbili bila kukumbushwa, na mzazi atie sahihi. Nyanyake hajui kuandika. Alikuwa ameweka kidole gumba, kwa wino wa kalamu aliyoipasua.

Nilikataa. Nilimwambia kadi inasema mzazi, nyanya si mzazi, na sheria ni msumeno. Wenzake kumi na mmoja walikuwa wakisikia. Hakulia. Aliuliza, "Mwalimu, na nikileta ya baba?"

Nikamjibu, "Ukileta ya baba kufikia Jumatatu, beji ni yako."

Nilijua baba yake anavua kisiwani Remba, mbali ziwani. Nilisema tu ili foleni isonge.

Leo saa saba mchana nyanya alikuja kwangu akidhani Lynnet yuko hapo kwa mazoezi, maana aliondoka asubuhi na skafu shingoni. Nilikimbia hadi ufuoni. Bi. Fardowsa, anayeuza chai na mahamri hapo, aliniambia alimwona akipanda boti ya saa tatu inayopeleka barafu Remba. Nahodha alipomuuliza anaenda na nani, alijibu, "Nimetumwa na mwalimu." Wakampisha. Mtoto wa skafu, kadi mkononi, nani angemzuia?

Nahodha, kwa jina Willis, alirudi saa tisa. Alisema alimshusha Remba saa sita, akamwona akiingia kati ya mabanda huku akiulizia Nicanor.

Nilikuwa nampigia Nicanor tangu saa saba na nusu. Alipokea saa kumi kasorobo. Yuko Muhuru Bay, kule Migori. Alihama Remba wiki mbili zilizopita kufuata omena, na hakuwa amemwambia mama yake, yule nyanya. Alinitukana hadi simu ikakatika. Simlaumu. Mwenyekiti wa ufuo wa Remba naye anasema hajamwona, na kwamba watoto kule ni wengi.

Bwana Konstebo, Remba ni mabati na baa, na wanaume waliotoka kila mahali. Jua linashuka. Naogopa. Naomba boti iende sasa. Msitarajie kusikia mtoto akilia, kwa sababu Lynnet hajui kwamba amepotea. Anajua ametumwa. Atapita mlango kwa mlango akitafuta sahihi, na yeyote atakayemwambia baba yako yuko humu ndani, ataingia.

Hayo ndiyo niliyoyatenda na niliyoyaona. Nimeyasema bila kushurutishwa na mtu.

Sahihi: F. A. Omolo

Maelezo yameandikwa nami, Konstebo Mochama. Shahidi amesomewa na kukubali kuwa ni ya kweli. Boti ya doria inaondoka saa 11:25 jioni. Shahidi ameomba kwenda nayo, akisema mtoto atamsikiliza yeye tu. Kanuni haziruhusu raia kupanda. Nimempa jaketi okozi.