Kaburi la Mgomba Ndani ya Depo ya Kemondo

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo: Polisi Kemondo, Mkoa wa Kagera
Tarehe: 12 Juni 2024, saa 3:20 asubuhi
Jina: Jovitha Ishengoma
Umri: Miaka 54
Kabila: Mhaya
Dini: Mkristo, Mlutheri
Kazi: Mkulima wa kahawa na migomba
Makazi: Buganguzi, Wilaya ya Muleba

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza nikiwa na akili zangu timamu. Koplo Uledi anayeniandika amenionya kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimemjibu kwamba katika jambo hili uongo umeshasemwa wa kutosha na mimi sina haja ya kuongeza.

Nimeolewa Buganguzi lakini nyumbani kwetu ni hapa Kemondo. Kibanja chetu, yaani shamba la migomba la nyumbani, kilikuwa pale ilipo sasa depo ya kampuni ya Ihangiro Mizigo. Kampuni hiyo inapokea mabehewa ya reli yanayovushwa ziwani kwa meli kutoka Mwanza, inapakua mizigo na kuisambaza. Ina depo mbili, hiyo ya Kemondo na nyingine Muleba. Tata, yaani baba yangu mzazi, aliwauzia sehemu kubwa ya kibanja wakati depo inajengwa, ila kona aliyoitenga kwa ajili ya makaburi aligoma kuiuza. Ikazungushiwa uzio mdogo ndani ya uzio mkubwa wa kampuni. Ndiyo maana sisi tukitaka kuwatembelea marehemu wetu tunaandikishwa getini kama madereva wa malori.

Mdogo wangu, Onesphory Ishengoma, aliajiriwa na kampuni hiyo. Kazi yake ilikuwa kufunga na kufungua mabehewa yanapotoka kwenye meli. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mwenye maneno mengi, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na chuma kwa sababu aliuvunja akicheza mpira shuleni na akafanyiwa upasuaji. Mvua ikitaka kunyesha alikuwa anasema chuma kimempigia simu.

Mnamo tarehe 17 Machi 2009 asubuhi nilikuwa nyumbani kwa mama nikimsaidia kuanika kahawa. Akaja Haidari. Wakati ule alikuwa msimamizi wa zamu, sasa ndiye meneja wa depo zote mbili. Ni mtu wa Bukoba mjini, babu yake alitoka Pwani, lakini Kihaya anakiongea vizuri kuliko watoto wangu. Alivua viatu mlangoni. Alisema usiku Onesphory aliteleza melini akaanguka ziwani, na wamemtafuta mpaka alfajiri bila kumwona. Haidari alilia sana. Mimi sikulia kwa sababu nilikuwa bado sijaelewa anasema nini.

Wavuvi walitafuta siku zile bila mafanikio. Mama alikaa ufukweni na kanga yake, akikataa kurudi ndani.

Kwa kuwa Koplo si mtu wa huku ameniomba nieleze mila yetu. Mtu akipotea ziwani na mwili usipopatikana, hatumwachi bila kaburi. Tunakata mgomba kwenye kibanja cha kwao, kwa urefu wake, tunauvika nguo yake, tunauzika, na watu wanalia kama wanavyolia kwenye msiba wowote. Baada ya hapo anahesabiwa amezikwa na ndugu wanaweza kulala. Mama hakutaka tufanye hivyo mapema. Alisema ziwa huwa linarudisha watu. Haidari ndiye aliyempigia magoti na kumwambia, "Ma, ziwa halina huruma. Zikeni mgomba, moyo wako utulie." Tulimwona kijana mwenye utu. Akatuletea na vibarua wa depo wakachimba kaburi pembeni ya lile la Tata, aliyekuwa ameshafariki.

Tulizika Jumamosi tarehe 21 Machi 2009 mchana. Mchungaji alikataa kuuombea mgomba. Alisali na sisi sebuleni, kisha akabaki getini akiangalia pembeni, na mimi simlaumu. Mgomba tuliuvika shati lake la bluu la kanisani, tukauviringisha kwenye shuka nyeupe. Nasema shuka nyeupe, na naomba iandikwe hivyo, kwa sababu niliikunja mimi mwenyewe. Hapakuwa na kitu kingine.

Kesho yake tulipokwenda kuangalia tulikuta udongo umesawazishwa vizuri na mawe yamepangwa kuzunguka kaburi. Haidari alisema amefanya kwa heshima ya marehemu. Mama alimshukuru, akamkatia mkungu wa ndizi.

Mama alifariki mwaka 2016, tukamzika upande wa pili wa kaburi hilo.

Mwaka juzi Serikali ilitoa taarifa kwamba inatwaa depo zote mbili kwa ajili ya kupanua bandari na kujenga barabara ya malori. Kampuni ilikataa, ikafungua kesi Bukoba. Walikuwa na hoja nyingi za biashara ambazo mimi sizijui. Ila hoja ya makaburi ilinihusu. Haidari alinifuata Buganguzi akiwa na wakili wa kampuni, dada mmoja anaitwa Nancy. Wakili aliuliza kama nitakubali kusema mahakamani kwamba ukoo hautaki makaburi yaguswe. Nilikubali. Sikuwa napigania kampuni, nilikuwa napigania wazazi wangu wasisumbuliwe na matingatinga. Haidari alinishika mkono akasema, "Dada Jovitha, mimi hao wazee ni wazazi wangu pia." Nilimwamini kabisa.

Mahakamani niliulizwa nani amelala wapi, nikasema ukweli. Nikasema kaburi la katikati lina mgomba. Watu walicheka na mimi nikacheka kidogo. Kampuni haikushinda. Mwezi uliopita ilitoka amri kwamba makaburi yote matatu yahamishwe mbele ya ndugu, na ukoo uchague pa kuyapeleka. Tulichagua kibanja cha baba yangu mdogo, Mzee Kamala, upande wa juu wa barabara.

Siku ya Jumapili tarehe 9 Juni 2024, baada ya ibada, Haidari alinipigia simu. Alisema, "Dada, hilo la Onesphory liacheni. Ni mgomba tu, umeshaoza. Mtahamisha udongo?" Nikamwambia ndiyo, tutahamisha udongo, kwa sababu mtu wetu yuko kwenye huo udongo kwa mila yetu. Akasema basi yeye mwenyewe atachota udongo kwenye beseni anipelekee, nisipate shida ya kusimama juani. Nilimtania. Nilimwambia, "Haidari, umezeeka mpaka unataka kufanya kazi za wanawake wa Kihaya?" Hakucheka. Nilidhani ana uchungu wa kushindwa kesi.

Jana Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa 2:30 asubuhi, nilifika depo. Walikuwepo Mzee Kamala, afisa afya, vibarua wa kuchimba, na mthamini wa upande wa Serikali anayeitwa Aristides. Haidari alikuwepo kwa niaba ya kampuni. Alikuwa amekuja na chupa ya chai na vikombe, akatumiminia sote. Mimi nilikunywa viwili. Nashangaa mpaka sasa kwamba nilikunywa viwili.

Walianza na Tata, halafu mama. Jeneza la mama lilikuwa bado lina mishikio yake. Nililia hapo, na nilidhani kulia kwangu kwa siku hiyo kumekwisha.

Kama saa 5 asubuhi walianza kaburi la katikati. Niliwaambia vibarua wasijichoshe, huyu hana uzito. Hawakuwa wamefika mbali jembe likashika kitu. Kibarua mmoja akavuta, ikatoka pembe ya turubai la kijani. Nilisema kwa sauti, "Hilo si letu. Sisi tulizika shuka." Turubai la namna ile ni la kampuni, linafunika mabehewa, na mpaka leo yapo mengi pale depo. Mzee Kamala alisema labda vibarua wa zamani walitupa takataka. Aristides akasema wachimbe kwa mikono.

Walipolifungua turubai niliona ovaroli ya kampuni. Rangi ilikuwa bado ya chungwa. Ndani ya ovaroli mlikuwa na mtu.

Mawe! Ndivyo tunavyomlilia mama kwa Kihaya. Koplo ananiambia nieleze nilichokiona siyo nilichokihisi, lakini mimi siwezi kuvitenganisha. Niliona mifupa ya kifua imevunjika pande zote mbili. Niliona buti. Niliona kwenye mguu wa kushoto, chini ya goti, chuma na misumari yake midogo. Madaktari watapima na watasema wanachotakiwa kusema. Mimi nasema yule ni Onesphory. Na chini ya turubai, walipomwinua, kilikuwepo kipande cha shuka yangu nyeupe na udongo mweusi wa mgomba uliooza.

Hapo nilielewa. Mdogo wangu hakwenda ziwani. Kuna mtu alikuwa naye mahali, muulizeni mahali gani, akingoja apate pa kumweka. Ukichimba usiku ndani ya depo watu wataona udongo mpya na watauliza. Lakini kwenye kaburi lililofukiwa mchana ule ule nani angeuliza udongo mpya? Tulimchimbia shimo sisi wenyewe. Tukamwimbia na nyimbo.

Nilimtafuta Haidari kwa macho. Kila mtu alikuwa amesogea kuangalia, isipokuwa yeye. Alikuwa amechuchumaa karibu na jeneza la mama. Nilimfuata. Nilimuuliza kwa Kihaya, maana Kiswahili kilinitoka, "Yule ni nani?"

Alisema, "Ni yeye, dada."

Aristides alimwambia anyamaze mpaka polisi wafike, na alikuwa tayari amepiga simu. Haidari hakunyamaza. Haya aliyosema niliyasikia mimi, na Mzee Kamala aliyasikia. Alisema usiku ule mabehewa yalikuwa yanasukumwa kuingia depo. Alisema, "Mimi ndiye niliyetoa ishara. Sikuona kwamba bado yuko katikati ya mabehewa. Behewa lilimbana mara moja tu." Alisema aliogopa jela na aliogopa kazi, na kwamba zamu nzima iliapishwa isiseme. Hakutaja majina yao. Kama kampuni ilijua mimi sifahamu, na yule wakili Nancy sitaki kumsingizia. Ninayemzungumzia ni Haidari.

Kisha akasema hivi, na naomba yaandikwe kama alivyoyasema: "Sikumtupa ziwani, dada. Ningeweza. Nilimleta kwenu, nikamlaza pembeni ya baba yake." Alisema akiniangalia usoni, akingoja. Naona alitaka nimwambie asante.

Nilitaka kumpiga na sikuweza kuinua mkono. Nilimjibu jambo moja. Nilimwambia kwamba mama yetu, mtu aliyezaliwa na kukua ufukweni, tangu wiki ile hakutia samaki mdomoni mpaka alipokufa. Alikuwa anasema hawezi kujua ni samaki yupi aliyemla mwanawe. Hata harufu yake hakuitaka nyumbani mwake. Nilimwambia, "Na wewe ulikuja kila Krismasi. Ulimuuliza kwa nini hapa hapapikwi samaki, akakueleza, nikiwepo. Ulimsikiliza mpaka mwisho, halafu ukaomba akuongeze ndizi."

Haidari aliinamisha kichwa. Polisi walifika wakamchukua. Onesphory walimchukua pia, kwa gari jingine.

Sina la kuongeza juu ya yale niliyoyaona na kuyasikia. Haya ni maelezo yangu, nimeyatoa kwa hiari, nimesomewa na nimekubali kwamba ndivyo nilivyosema.

Sahihi ya shahidi: J. Ishengoma

UTHIBITISHO WA MWANDISHI
Mimi Koplo Uledi wa Kituo cha Polisi Kemondo nathibitisha kwamba nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotolewa na shahidi, nikamsomea kwa sauti, naye akaweka sahihi mbele yangu saa 5:45 asubuhi. Shahidi aliomba kupumzika mara moja. Mahali nilipokuwa nimeandika "mabaki ya marehemu" alinitaka nifute na niandike jina la mdogo wake. Nimefuta, nimeandika jina. Pia ameuliza ni lini atakabidhiwa ili amzike karibu na mama yake. Nimemweleza kwamba tarehe bado haijulikani.

Sahihi: Uledi, Koplo